Tahadhari: "GTC" ya bei poa inayouzwa WhatsApp siyo GTC

Wakuu wa maabara, kuna jamaa anauza kemikali kwenye magrupu ya WhatsApp kwa nusu ya bei. Mimi kanipiga laki tatu na nusu, na hela ndiyo hasara ndogo.

Niliagiza guanidini thayosayaneti, ndiyo hiyo GTC, gramu 500, ya kutoa RNA (molekuli inayobeba taarifa za jeni) kwenye bandama za kuku tuliowashuku kufa kwa kideri. Nikatuma hela kwa simu, mzigo ukafika Morogoro kwa basi siku ya pili: kopo jeupe, lebo ya kuprinti, namba ya bechi hakuna. Nikapima gramu 47.3 za mililita 100, yaani 4 M (moli 4 kwa lita). Ikayeyuka vizuri, chupa ikapoa mkononi kama kawaida yake, nikajua mambo shwari.

Nilipotoa RNA na kuitenganisha kwa umeme kwenye jeli, sikuona ile mistari miwili ya RNA ya ribosomu inayoonyesha kuwa RNA ni nzima. Kulikuwa na ukungu tu huko chini, RNA imeshakatwakatwa. GTC halisi inavuruga protini palepale, pamoja na vimeng'enya vinavyokula RNA. Ndiyo maana watu wameing'ang'ania tangu njia ya kutoa RNA ya watafiti Chomczynski na Sacchi ya 1987.

Ndipo nikasoma lebo vizuri. Jina ni thayosayaneti, ila namba ya CAS, ile ya kimataifa ya kutambulisha kila kemikali, ni 50-01-1. Hiyo ni guanidini hidrokloraidi, mdogo wake asiye na nguvu kama zake. GTC ni 593-84-0. Nikadondoshea feriki kloraidi: thayosayaneti hugeuka nyekundu kama damu papo hapo. Yangu ikabaki njano, mkojo mtupu.

Nilipompigia akasema, "Bosi, zote si guanidini tu," kisha akanishauri nimwagie jiki nitupe. Hapo nilichoka. Jamani msijaribu! GTC ikikutana na jiki inatoa gesi zenye sianidi. Angekuwa ameniuzia ya kweli, ushauri wake ungeweza kuniua. Kesho yake namba haipatikani. Juzi nimeona picha za makopo yale yale kwenye grupu jingine, kwa jina jipya.

Kabla ya kutuma hela, dai cheti cha uchambuzi cha bechi husika na picha ya lebo yenye CAS inayosomeka. Ukifungua kopo, anza na hilo tone la feriki kloraidi, sampuli baadaye. Mimi nilifanya kinyume: bandama 12 zimekwenda, na kuku wenyewe walishafukiwa.