Met ya New York: siku, mlango na ukumbi wa kuanzia

Tiketi ya mtu mzima kuingia Metropolitan Museum of Art, jumba ambalo wenyeji wa New York huliita Met tu, ni dola 30. Si hela ndogo. Kwa anayefika saa nne asubuhi milango ikifunguliwa, zinalipa vizuri sana. Kwa anayefika saa tisa alasiri akitaka kuzungukazunguka kidogo, hazilipi, maana siku za kawaida jumba hufungwa saa kumi na moja jioni, na robo saa kabla ya hapo walinzi huanza kuwatoa watu kwenye kumbi.

Kosa la kwanza la wageni ni siku. Met haifunguliwi Jumatano. Wengi wamezoea makumbusho yanayofungwa Jumatatu, kwa hiyo hawaulizi, wanakuta mlango umefungwa. Hufungwa pia sikukuu ya Thanksgiving (Alhamisi ya nne ya Novemba), tarehe 25 Desemba, 1 Januari na Jumatatu ya kwanza ya Mei. Ijumaa na Jumamosi hukaa wazi hadi saa tatu usiku, na tukiulizwa wakati mmoja bora kuliko wote tutasema Ijumaa kuanzia saa kumi na moja jioni: makundi ya wanafunzi yameshaondoka, na mbele ya picha maarufu unapata nafasi ya kusimama.

Bei nyingine: wenye miaka 65 na zaidi dola 22, wanafunzi dola 17, watoto chini ya miaka 12 bure. Mkazi wa jimbo la New York hulipa anachopenda, hata kama anaishi Buffalo au Utica na si mjini kwenyewe. Wanafunzi wa majimbo ya New Jersey na Connecticut wana haki hiyo hiyo. Cha msingi ni kuja na kitambulisho chenye anwani au cha chuo. Angalia tu kwamba haki hiyo ni ya mkazi mwenyewe. Ukiwa umetoka Nairobi au Dar es Salaam kumtembelea dada yako Bronx, yeye atalipa apendavyo, wewe utalipa dola 30. Kununua tiketi kwenye tovuti ya jumba kunakuepusha na foleni ya malipo, lakini foleni ya ukaguzi wa mabegi iko pale pale kwa kila mtu.

Kufika ni rahisi. Panda treni ya chini ya ardhi namba 4, 5 au 6 hadi kituo cha 86th Street, tembea kuelekea magharibi mpaka Fifth Avenue, kisha shuka kusini mitaa minne. Ni kama dakika kumi kwa miguu. Mwambie dereva wa teksi "Fifth Avenue na mtaa wa 82". Ukisema Met peke yake anaweza kukupeleka Metropolitan Opera, ambayo iko upande wa pili wa bustani ya Central Park.

Ngazi kubwa za mtaa wa 82 ndizo kila mtu anazipiga picha, na ndiko foleni ndefu iliko. Mlango wa mtaa wa 81, kushoto kwako ukilitazama jumba, uko usawa wa barabara. Mwenye kiti cha magurudumu, kigari cha mtoto au magoti yanayouma apitie huko. Begi la mgongoni hulivai mgongoni ndani ya kumbi: ama ulipakate kifuani ama uliache mapokezi ya makoti, bila malipo. Sanduku la safari halipokelewi kabisa, hata dogo la ndani ya ndege, kwa hiyo usipange kupitia hapa njiani kwenda uwanja wa ndege. Picha unapiga bila flashi, na vijiti vya kupigia selfi haviruhusiwi.

Sasa, pa kuanzia. Umati wote ukishaingia hukata kulia, kwenda kumbi za Misri, kwa sababu ya hekalu la Dendur. Nalo linastahili: ni hekalu zima la mawe la mwaka wa 10 hivi kabla ya Kristo, ambalo Misri iliipa Marekani mwaka 1965, likajengwa upya humu ndani na kufunguliwa 1978. Lakini asubuhi kata kushoto. Pita kumbi za Wagiriki na Warumi hadi mwisho, ufike mrengo wa Michael C. Rockefeller, uliofunguliwa upya 31 Mei 2025 baada ya ukarabati wa miaka kadhaa. Hapa ndipo Afrika ilipo, na kwa maoni yetu huu ndio upande wa jumba uliopangwa vizuri kuliko wote kwa sasa.

Tafuta kinyago cha pembe ya ndovu cha Malkia Mama Idia wa ufalme wa Benin (ulikuwa katika Nigeria ya leo), cha karne ya 16. Wengi hukipita kwa kuwa wanatarajia kitu kikubwa, kumbe hakizidi shubiri moja kwa mengi. Sogea karibu na kioo utazame taji. Utaona vichwa vidogo vya Wareno wenye ndevu, na kati ya kichwa na kichwa amechongwa samaki wa matopeni. Samaki huyo huishi majini na nchi kavu, na Wareno nao walitokea baharini, ndiyo maana wamepangwa pamoja. Mtu wa Mombasa anayewajua Wareno kwa Fort Jesus atawaona hapa wakitazamwa na jicho la fundi wa Kiafrika. Waingereza walikichukua walipovamia Benin mwaka 1897.

Mangaaka, sanamu ya nguvu ya watu wa kabila la Wakongo, ni mkubwa zaidi, sentimita 118, mikono kiunoni, kifua kimejaa misumari na vipande vya chuma. Kila chuma ni kiapo au mapatano yaliyogongomewa pale. Aliyemtia nguvu aliitwa nganga, neno letu lile lile la mganga. Kuna pia kigoda cha Waluba, mwanamke amekibeba kiti kwa ncha za vidole, kutoka mashariki ya Kongo ambako leo Kiswahili ni lugha ya kila siku. Kabla ya kuondoka nyumbani tafuta jina la kitu kwenye tovuti ya jumba: ukurasa wake utakuonyesha namba ya ukumbi, au kwamba kwa sasa hakionyeshwi.

Ghorofa ya pili kuna picha za Ulaya. Met ina picha tano za Vermeer, idadi kubwa mno kwa mchoraji aliyeacha picha chache namna ile. Kwa Van Gogh uliza shamba la ngano lenye miseprasi (Wheat Field with Cypresses), la 1889. Usiku wake wenye nyota usiutafute hapa, uko MoMA, makumbusho ya sanaa za kisasa, mtaa wa 53. Bustani ya juu ya paa imefungwa kwa ujenzi wa mrengo mpya unaotarajiwa 2030.

Tiketi hiyo hiyo inakuingiza siku ile ile The Cloisters, tawi la sanaa za Zama za Kati lililoko Fort Tryon Park, kaskazini kabisa mwa Manhattan. Kwa wengi hatushauri: basi la M4 linafika huko moja kwa moja, ila safari inaweza kuzidi saa nzima. Ukishikilia kwenda, anza na huko asubuhi kwa treni A hadi 190th Street, kisha uje Met Ijumaa au Jumamosi jioni.