Kihisi cha mkononi au daftari la dalili kwa mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga miondoko ya mwili?

Kwa gharama, daftari linashinda bila ubishi, kwa kuwa linapatikana katika duka lolote la Nairobi, ilhali kihisi, yaani kifaa kinachovaliwa mkononi kupima miondoko, ni ghali na lazima kichajiwe.

Kuhusu kuaminika, kihisi hurekodi usiku na mchana tetemeko la mkono uliotulia, ambalo kwa kawaida huwa mara 4 hadi 6 kwa sekunde, pamoja na miondoko ya kujinyonganyonga inayoletwa na levodopa (dawa ya Parkinson), miondoko ambayo mgonjwa mwenyewe mara nyingi haitambui. Hata hivyo, mtikisiko wa matatu unaweza kuvuruga vipimo hivyo, na maumivu au wasiwasi hakivioni kabisa. Hayo ni ya daftari, ingawa kulijaza kila nusu saa kwa mkono unaotetemeka ni mateso, na naona ni haki jamaa wa nyumbani amwandikie.

Ambaye dawa humwisha nguvu kabla ya dozi inayofuata, na daktari wake yuko tayari kuzisoma takwimu, atanufaika na kihisi, hata cha kuazima. Ambaye dozi yake imetulia, daftari la siku chache kabla ya kliniki linamtosha.