Kitabu cha sauti cha pango la wafu: ununue kipi kwanza

Kama umenogewa na hizi hadithi za mtu anayekufa kisha akazinduka yeye mwenyewe ndiye pango, lenye mifupa inayotembea na maiti walinzi, usitoe hela yako kwa uzuri wa jalada. Msikilize msomaji. Shujaa hana mikono wala miguu. Ni jiwe la uchawi chini ya ardhi, linachimba vyumba, linatega mitego, linafufua mafuvu yapambane na wavamizi. Karibu kila kitu ni mawazo yake, na msomaji mwenye sauti kavu atakulaza kabla feri haijafika Likoni.

Halafu yapo majedwali. Pango likipanda ngazi kama kwenye gemu, unasomewa nguvu, kinga, uchawi uliobaki, mifupa mingapi imesimama. Kwenye karatasi jicho lingeruka, ukisikiliza, huponi. Wapo wasomaji wanaoyapitia chapuchapu kwa sauti waliyoibadili kidogo, na wapo wanaoyasoma kama karani wa mahakama. Kionjo cha bure hakikusaidii sana hapa, maana mara nyingi ni dakika za mwanzo, na hizo ndizo za ajali na kifo, jedwali bado. Pekua maoni ya wasikilizaji, hasa waliotoa nyota tatu. Hao ndio husema ukweli.

Sasa mpangilio wangu. Namba moja, bila kusita: juzuu kadhaa zilizounganishwa, uzinunue kwa krediti moja ya Audible, duka la vitabu vya sauti la Amazon. Uanachama wake wa Premium Plus, unaokupa krediti moja kila mwezi, kwa bei ya Marekani ni dola 14.95 kwa mwezi, kama shilingi 1,930 dola ikiwa 129, na krediti moja inachukua kitabu kimoja, kiwe cha saa 8 au 30. Ukijitoa, kitabu ulichonunua kinabaki chako ila krediti ambayo hukuitumia inapotea, kwa hivyo itumie kwanza ndipo ujitoe. Na jihadhari na mpango wa bei nafuu ambao kitabu unakaa nacho maadamu unalipa tu. Huna kadi ya benki? Ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, inatosha. Acha salio la ziada kidogo, kiwango cha kubadilisha fedha hakitakuwa kile ulichokiona mtandaoni.

Ya pili ni kununua kitabu cha Kindle, yaani cha kusoma kwenye skrini, kisha kuongeza sauti kwa bei iliyopunguzwa. Si vitabu vyote vina nafasi hiyo. Jumlisha bei zote mbili kabla ya kulipa.

Tatu, Libro.fm, duka jingine la vitabu vya sauti. Unapata faili za MP3 zisizofungwa, unazicheza hata kwenye redio ya gari. Ningeipandisha juu, lakini waandishi wengi wa mapango hujichapishia wenyewe, na hufunga mkataba wa kipekee upande wa Audible kwa sababu unawalipa asilimia kubwa zaidi. Kitafute kitabu chako kwanza.

LibriVox, tovuti ya vitabu vya sauti vya zamani, ni bure na halali tangu 2005, wasomaji wanajitolea. Mizuka ya kale utaikuta, mapango ya kupanda ngazi hutayaona.

Ya mwisho kabisa ni kujaziwa kwenye flashi mtaani au kushusha kutoka Telegram. Sura ya saba inakuja kabla ya ya tatu, mashine inasoma jina la zimwi herufi moja moja, na mwandishi hapati hata senti.

Saa 12 za sauti kwa kbps 64 ni kama MB 350, basi pakua kwa waifai ya nyumbani, usiteketeze bando ndani ya matatu ya Mtwapa. Na kama unakaa na bibi, vaa hedifoni. Mafuvu yakianza kucheka saa ya Magharibi utafukizwa ubani.