Vodka ya hewa ukaa: nimeionja AIR Vodka, haya ndo ya kwangu

Jamani mimi mtu wa Konyagi, wanaonijua wanajua, ila niliposikia kuna wajanja wa Brooklyn kule New York, kampuni ya Air Company, wanatengeneza vodka kwa hewa ukaa na maji, hamna nafaka hamna miwa hamna chachu, nikasema hii lazima nishike chupa. Duka la kwanza muuzaji akanicheka eti vodka ya moshi, la pili ndo nikaipata.

Harufu kama haipo. Mdomoni inateleza, kautamu kwa mbaaali, koo linapata moto kidogo basi, ule ukakasi wa vodka za bei chee hamna kabisa.

Ila kilichonikosha mimi ni mtambo wenyewe. Hewa ukaa wanaikusanya viwandani kabla haijapaa, maji wanayapasua kwa umeme wapate haidrojeni, vyote vinapitishwa juu ya kichocheo, wengine wanaita katalisti, yaani kitu kinachosukuma kemikali ziungane, zinatoka ethanoli (ndo pombe yenyewe), methanoli na maji. Hiyo methanoli ndo ileile inayopofusha watu kwenye gongo, kwa hiyo lazima waichemshe na kuitenga. Na kazi ya kichocheo ndo ngumu hapo, maana methanoli ina kaboni moja tu lakini ethanoli inataka kaboni mbili zishikane, na zenyewe hazitaki, watu wanahangaika na shaba kama kichocheo maabara tangu miaka ya 80 kwa ajili ya hilo hilo.

Sasa bei. Walipoizindua 2019 ilikuwa $65 chupa ya ml 750! Humo ethanoli ni ml 300 tu, ukiimimina kwenye tenki la bodaboda hata kona haijai. Nikapiga hesabu, chupa nzima imekula hewa ukaa kama gramu 450 hivi, halafu ukishainywa mwili unaichoma unaipumua nje ileile, yaani umeazimwa tu 😂 na kama umeme wao ungekuwa wa makaa ya mawe ingekuwa hasara tupu, wenyewe wanasema wanatumia wa jua na upepo. Ndo maana sikushangaa 2022 walipotangaza mafuta ya ndege kwa njia hiyohiyo, huko angalau ina maana kuliko kutulewesha sisi.

Ladha nampa 4 kati ya 5, bei 2. Chupa ya pili sinunui, mtu akiniletea zawadi sikatai.