Kiingilio sodo, sinema ya kutisha

Jumamosi jioni nilienda kutazama Sinners katika ukumbi mmoja wa mtaa, Umoja. Kiingilio kilikuwa pakiti ya sodo, za kupelekewa wasichana wa shule jirani. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa sodo mwaka 2004, lakini hadi leo kuna mzazi anayechagua kati ya pakiti hiyo na unga. Mimi nilibeba tatu.

Filamu yenyewe, ya Ryan Coogler, ilitoka 2025 na inatupeleka Mississippi mwaka 1932. Michael B. Jordan anaigiza mapacha wawili waliofungua ukumbi wa muziki. Usiku wanyonya damu wanafika mlangoni, na bila kukaribishwa hawawezi kuingia. Sisi tuliolelewa kuitikia kila hodi kwa karibu, hapo ndipo nywele zilipotusimama. Mama mmoja kando yangu alinishika mkono akanong'ona, "Usimkaribishe, mwanangu, usimkaribishe!"

Spika ya kushoto ilikwaruza tangu mwanzo, na kiti cha plastiki kwa saa mbili na zaidi kinaumiza mgongo. Nitarudi tu. Nilipotoka, katoni nne pale mlangoni zilikuwa zimejaa pomoni.