Kuzunguka Chole kwa kayaki: uzoefu wangu

Kama unapanga kwenda Mafia na unajiuliza hela ya kayaki ina maana yoyote, lipa. Mimi nimeshapita ghuba ya Chole kwa boti ya injini, nimepanda ngalawa, nimezamia kwa miwani na mrija, na vyote nilivifurahia. Lakini kukizunguka kisiwa cha Chole kwa kafi, umekaa usawa wa maji na hakuna mashine inayonguruma, ni furaha ya namna yake. Naandika kwa urefu kwa sababu wanaoitangaza safari hii hutoa picha nzuri tu, wala hawagusii habari ya maji kujaa na kupwa, na safari nzima imesimama hapo.

Kwa wasiopajua, Chole ni kisiwa kidogo kilicho ndani ya ghuba, kijiji cha Utende, kilichoko kisiwa kikuu cha Mafia, kiko upande mmoja na kisiwa cha Juani upande wa pili. Juani ndiyo ngao. Mawimbi ya bahari kuu yanapasukia nje kwake, ndani ya ghuba maji yanakuwa tulivu kiasi kwamba hata mtu ambaye hajawahi kushika kafi anaweza kupelekwa. Lakini utulivu huo una masharti. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huku kwetu inapita mita 3, na maji yote hayo yanatakiwa yaingie ghubani ndani ya saa sita hivi na kutoka ndani ya saa sita nyingine, mengi yakipitia Mlango wa Kinasi, ule mwanya wa kutokea bahari kuu. Ukiwa karibu na mlango huo maji yanapotoka, mikono yako haikusaidii kitu, utakwenda yanakokwenda.

Ndiyo maana nilimpenda mwongozaji wetu tangu neno la kwanza. Ni kijana wa hapo hapo Chole. Nilipompigia simu nikamwambia tungependa kutoka asubuhi na mapema kabla ya jua kali, akaniambia, "Hapana dada, kesho mwezi utakuwa na siku kumi na mbili tangu uandame. Asubuhi mtakuta matope. Maji yatajaa mnamo saa nane mchana, tutoke saa tano, yatupeleke yenyewe, halafu yakianza kutoka yaturudishe." Nilikuwa nimeshaongea na watu wengine kabla yake, wao wakaniambia njoo muda wowote unaotaka. Ninayemwamini baharini ni yule anayenikatalia muda, na ningemshauri kila mtu apime hivyo hivyo.

Asubuhi ile tuliposimama ufukweni Utende tuliyaona matope yenyewe. Maji yamekwenda mbali, ngalawa zimelala ubavu, kina mama wamesambaa mwambani na vijiti vyao wakichokoa pweza. Kufika saa tano mahali pale pale palikuwa pamejaa maji ya kijani, maangavu, na kayaki zinaelea.

Nilikwenda na wifi yangu, ambaye hajui kuogelea. Nalitaja kwa sababu najua wengi wanaahirisha safari za aina hii kwa hofu hiyo. Tulipewa kayaki ya watu wawili, pana, ambayo mtu anakaa juu yake, hatumbukii ndani, kwa hiyo hata ikipinduka hakuna kunaswa. Mwongozaji alituweka kwanza kwenye maji ya kiunoni, akamwambia wifi ashuke na kupanda mpaka azoee, akatufundisha kupiga kafi: usivute kwa mkono, zungusha kiwiliwili, mkono ufuate tu. Wa omo, yaani wa mbele, ndiye anayeweka mwendo, wa tezi, yaani wa nyuma, anamfuata na kuongoza chombo. Mwanzoni tulikuwa tunagonganisha makafi. Tulipofika katikati ya mkondo wa kuvukia Chole tulikuwa tumeshakubaliana, na wifi akaanza kuimba. Alikaa omo safari nzima na hakuomba kurudi hata kidogo.

Upande wa Chole unaotazama Utende ndio wenye historia. Chole ilikuwa mji mkuu wa Mafia tangu zama za Waarabu, na Wajerumani walipoichukua Mafia mwaka 1890 wakaendelea kukaa hapo, mpaka walipouhamishia utawala Kilindoni, kwenye kisiwa kikuu, mwaka 1913. Majumba yakabaki. Ukipita kwa boti unaona kijani tu. Kwa kayaki unasogea mpaka chini ya ukingo, na kuta zinaanza kujitokeza moja moja, mawe ya matumbawe na chokaa, mizizi ya miti ya jamii ya mkuyu imeshuka juu yake mpaka huwezi kusema sasa ni ukuta unaoushikilia mti au ni mti unaoushikilia ukuta.

Mbele kidogo kuna mafundi wa vyombo. Tulizivuta kayaki mchangani, tukawaamkia, "Shikamooni wazee," wakaitikia marahaba na kutukaribisha kivulini. Walikuwa na mashua kubwa juu ya magogo, mataruma yake bado yanaonekana, na mzee mmoja alikuwa anaikalafati. Anasokota pamba kwa vidole kuwa uzi mnene, anauweka kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, anaugonga kwa nyundo na patasi butu mpaka uzame wote, anapapasa kwa kidole gumba, anaongeza. Hapimi kwa chochote ila kidole hicho. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, na mwongozaji wetu hakutuharakisha, ila alikuwa anaangalia maji.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo ningeilipia peke yake. Upande wa nyuma, kati ya Chole na Juani, ni mikoko. Maji yakipwa sana mlango huo hubaki matope na maji ya magotini, boti ya injini haina la kufanya huko. Tulifika maji yakiwa yamebakiza kidogo kujaa. Kayaki inahitaji kina cha kiganja tu, kwa hiyo tuliingia mikokoni kwenyewe, tukipita kwenye vichochoro ambavyo matawi yake yanakutana juu. Joto likashuka. Kafi tuliiweka mapajani, tukawa tunajivuta kwa kushika mizizi, na kwenye mizizi hiyo kuna chaza wakali kama wembe, kwa hiyo shika palipo laini. Maji ni maangavu mpaka chini, unaona vifaranga vya samaki makundi kwa makundi vikijibana kwenye mizizi, maana ndiko vinakokulia kabla ya kutoka kwenda mwambani. Kaa wanapanda shina wakikukwepa, wanahamia upande wa pili wa mti, ukizunguka nao wanazunguka. Mdiria alikuwa anatutangulia, anatua tawi la mbele, tukikaribia anaruka tena. Sauti pekee ilikuwa matone yanayodondoka kutoka kwenye makafi.

Tulipotoka upande wa pili kwenye majani ya bahari, kasa akaibuka. Hakuwa mbali, ningeweza kumfikia kwa kafi kama ningekosa adabu. Alitoa kichwa, akavuta pumzi ambayo tuliisikia, nene, kama ya mtu aliyechoka, akatutazama, akazama taratibu huku tukiufuata mgongo wake mpaka ulipopotea. Wifi alinishika goti kwa nguvu na hakusema kitu. Kwa boti ya injini kasa huyo tungemwona akikimbia, kama tungemwona kabisa.

Tulishuka pia kuwaona popo wa Chole, wale wakubwa wanaokula matunda. Mchana wananing'inia juu ya miti kwa mamia, wanapepea mabawa kujipoza na kugombana. Jamaa zao wa karibu wako Komoro na Shelisheli, na bara hawako kabisa, wako visiwani tu. Wanakijiji wanawalinda, msipige kelele chini ya miti yao.

Ya kurekebisha yapo, na nayasema kwa sababu nataka huduma hii iwe bora zaidi. Majaketi ya kuokolea yalikuwa ya saizi moja kubwa. Wifi ni mwembamba na lake lilikuwa linapanda mpaka masikioni hadi lilipofungwa kwa kamba ya ziada. Kwa mtu asiyejua kuogelea hilo si jambo dogo. Kiegemeo cha kiti changu kilikuwa kimelegea, mgongo ulinisumbua njia nzima ya kurudi. Hakukuwa na mfuko usiopitisha maji, tulifunga simu kwenye mifuko ya nailoni. Niliwaambia yote hayo ana kwa ana tuliporudi, wakayapokea vizuri. Kwa upande wao, maji ya kunywa na matunda yalikuwapo ya kutosha, na mwongozaji alikuwa na kayaki yake mwenyewe na kamba ya kukokotea, kitu ambacho uulizie kabla hujalipa.

Bei ya nusu siku kwa sisi wawili ilikuwa chini ya bei ya kupiga mbizi kwa mtungi mara moja. Ada ya Hifadhi ya Bahari haimo humo, inalipwa getini kabla ya kuingia Utende, na raia analipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Kutoka Dar unaweza kuruka kwa ndege au kupitia bandari ya Nyamisati kwa boti mpaka Kilindoni, halafu Utende ni lami, bajaji zipo. Vaa mikono mirefu na kofia ya kufungwa kidevuni; jua la majini linachoma mara mbili, la juu na la chini. Kusi ikivuma sana, kuanzia Juni hivi, alasiri inakuwa na kazi kubwa ya kurudi. Nilivyoona mimi, kati ya Oktoba na Februari ndio wakati mzuri, na unaweza kuunganisha na papa potwe upande wa Kilindoni, ingawa hao utawafuata kwa boti.

Sisi tumeshapanga kurudi kwa ajili ya Kua, ule mji wa magofu ulioko Juani ambao Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia kwa mitumbwi mwanzoni mwa karne ya 19. Mwongozaji anasema kwa kayaki kunafikika, ila inatakiwa bamvua, maji yawe mengi ya kuvukia mikoko kwenda na kurudi. Ameshatutajia tarehe za mwezi, na tumeomba ruhusa kazini kwa kuzifuata hizo, si wikiendi.