"Mbolea ya maua" ya kaveera: nyota 2 kati ya 5

Niliinunua mwezi wa tatu kwenye duka moja la pembejeo hapa Kampala, kilo moja kwa shilingi 5,000, ya kupimiwa, imefungwa fundo ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) nyeusi bila lebo. Muuzaji akaniapia: "Nyabo, hii ni ya maua kabisa. Wiki tatu tu utarudi kunishukuru."

Nyumbani nina bugenvilia mbili kwenye vyungu barazani, na hibiskasi nyekundu kwenye chungu kikubwa karibu na geti. Zote nikazilisha.

Wiki tatu zikapita. Bugenvilia zikarusha matawi marefu kama mijeledi, laini, ya kijani kibichi, miiba tele, na ua hata moja hakuna. Jirani yangu, dada wa Arua ambaye Kiswahili chake kinanishinda, akaniuliza kama siku hizi nalima sukuma wiki.

Ni yeye aliyegundua kisa. Alichota kijiko cha zile punje nyeupe, akazikoroga kwenye glasi ya maji, akanipa nishike. Glasi ilikuwa baridi kama imetoka kwenye friji, na punje zimeyeyuka zote, hakuna mashapo. "Yurea hiyo," akasema. Kwao wanaweka kwenye mahindi. Yurea ni naitrojeni asilimia 46, fosforasi hakuna, potasiamu hakuna. Mmea unaoshiba naitrojeni hauna haraka ya kuzaa, unajenga majani tu. Nisimwonee muuzaji, zile zilikuwa wiki za mvua, na bugenvilia iliyolowa kila siku haichanui vizuri hata bila mbolea.

Nikaacha kulisha. Kiangazi cha mwezi wa sita kilipoingia nikawa namwagilia pale tu majani yanapoanza kulegea. Haikuchukua muda barazani kukawa zambarau tupu. (Ile rangi si ua, jamani, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati.) Huku kwetu kwenye ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo ukame kidogo na njaa kidogo ndivyo vinavyoiambia bugenvilia kwamba wakati umefika.

Nikajiona fundi, nikaitesa na hibiskasi vilevile. Hapo nilikosea vibaya. Vitumba vilidondoka kabla ya kufunguka, vingine vikubwa kabisa, unavikuta asubuhi chini ya chungu. Majani ya zamani yakawa ya njano kuanzia chini, kingo zimekauka kama zimebabuliwa na pasi. Hiyo ilikuwa njaa ya kweli: naitrojeni imekwisha, na potasiamu sikuwahi kuipa.

Safari ya pili nilikataa cha kaveera. Nilisubiri wafungue gunia la NPK 17-17-17, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu zote tatu, mbele yangu. Walitaka kuniongezea DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, eti maua yanaipenda, nikakataa. Fosforasi ikizidi, hibiskasi inashindwa kuchukua madini ya chuma, na majani machanga yanapauka huku mishipa ikibaki kijani. Naweka kijiko kimoja cha chai kila mwezi, mbali na shina, kisha maji. Sasa inafungua maua mawili matatu kila asubuhi.

Nyota mbili nimewapa kwa sababu yurea yenyewe ni nzuri. Iliyobaki nilimpa jirani, na mahindi yake yamenipita kimo.